Vitumbua vya Gesi ya Samadi

Nyamuswa,
10 Februari 1991

Dada Mwamvita,

Habari za huko Musoma? Sisi huku wazima, ila Magesa anaumwa mgongo na mimi naumwa roho. Mgongo utapona. Hii ya roho ndiyo inanifanya nishike kalamu.

Juzi nilikwenda Bunda na furu, wale samaki wadogo wakavu alionitumia kaka yangu kutoka Suguti. Sokoni watu hawanunui, nikaona nijaribu pale hotelini kwako. Najua nilikuapia sitakanyaga tena tangu walipokufukuza, lakini njaa haina kiapo. Wifi yako Mwanaupe alikuwa mbele anapokea wateja. Siku hizi jikoni kwake haingiagi mtu, mlango una komeo, eti moshi unasumbua watu. Basi nikazunguka nyuma, kwenye banda la ng'ombe wako, nikapiga hodi dirishani.

Dada, moshi hakuna. Niliona moto wa bluu. Ni jiko lako lilelile, bomba lako lilelile, na sufuria ya maharage inatokota juu yake. Msichana wa jikoni aliponiona akavuta dirisha haraka kama nimemkuta uchi. Nikachungulia shimoni: samadi mbichi, imekorogwa asubuhi hiyohiyo. Wale waliosema wameufukia mtambo wako wa gesi hawajafukia hata kijiko.

Kule mbele wateja wanakula wanalamba vidole. Wengine ni walewale waliotema ugali wako chini. Nilitaka nipige kelele, nikakumbuka mimi ni muuza furu tu, nani atanisikiliza. Nimeona nikwambie wewe mwenye jambo lako.

Dorotea wa Magesa


Musoma,
17 Februari 1991

Shoga yangu Dorotea,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na mpaka sasa sijakaa.

Wewe unajua nilivyotoka Bunda. Mume wa Mwanaupe ana stoo ya mkaa, na mimi nilikuwa mteja wake mkubwa kuliko wote, mpaka siku watu wa mradi waliponijengea ule mtambo nikawasha gesi ya samadi. Tangu hapo sikununua tena hata debe la mkaa. Basi wifi akavaa buibui akapita nyumba kwa nyumba: "Kwa Mwamvita mnalishwa mavi ya ng'ombe yaliyogeuzwa moto. Ni najisi hiyo. Sala zenu haziendi popote." Mji mzima ukaniepuka kama mwenye ukoma. Kaka yake Hasani, mume wangu wa ujana, naye akaona haya kukaa na mwanamke mchafu, akaniandikia talaka. Akabaki na hoteli, ng'ombe na binti yangu Shida. Mimi nikaondoka na sanduku.

Nilimwuliza maalim mmoja hapa Musoma kuhusu hiyo najisi. Akanisikiliza, akasema, "Mama, moto ni moto. Ugonjwa wako si gesi, ni wifi."

Na sasa wanaipikia wao! Nimejikuta nacheka peke yangu humu chumbani, na si kicheko kizuri.

Usimwambie mtu. Nikisema mimi wataniita mtalaka mwenye wivu, ukisema wewe watasema umetumwa, na mlango ukifunguliwa watu watakuta mkaa umekwisha kuwashwa. Simwombei kifo Mwanaupe, maana maiti haioni haya. Nataka aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, kwamba alinizulia. Nitangoja. Kungoja nimejifunza.

Mwamvita


Bunda,
2 Aprili 1991

Wifi yangu mpenzi Mwamvita,

Assalaam alaykum. Natumaini funga inakwenda vizuri na afya unayo. Kwetu kheri, na kubwa kuliko zote ni hii: mtoto wetu Shida amepata mchumba. Ni Twalib, kijana wa duka la vitambaa kule Butiama, watu wa dini na wenye heshima zao. Mahari imekwisha kuzungumzwa na harusi ni baada ya Idi, mwezi wa tano. Tulitaka kukuarifu mapema, ila barua siku hizi zinapotea sana njiani.

Sasa wifi, kuna jambo dogo. Bibi yake bwana harusi, Bi. Mwanaamina, ndiye mwenye sauti katika nyumba ile. Amesema kombe la mjukuu wake, lile sinia la bwana harusi litokalo kwetu, halipokei mpaka liwe na vitumbua vya mkono wako, alivila zamani kwenye hitima fulani hajavisahau. Nilimwambia hata mimi napika. Akacheka.

Ndiyo nakuomba uje. Yaliyopita si ndwele, mimi sina kinyongo kabisa. Kombe nitalisimamia mimi kama shangazi, wewe utapika tu. Ila nikuombe kitu kimoja kwa upole: pika kwa kuni au mkaa kama watu wengine. Unawajua wakwe zetu, hawataki mambo ya uchafu.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Mwanaupe


Musoma,
9 Aprili 1991

Wifi yangu Mwanaupe,

Waalaykum salaam. Nimefurahi kusikia mwanangu anaolewa, na nimefurahi zaidi kuambiwa na wewe, maana ungechelewa kidogo tu ningeambiwa na makondakta wa basi.

Nitapika. Nitapikia Nyamuswa kwa rafiki yangu Dorotea, hapo hadi Butiama si mbali na vitumbua vitafika na joto lake. Kombe lisimamie wewe, ni haki yako shangazi. Simama mbele kabisa watu wakuone.

Habari ya kuni nimeisikia.

Mwamvita


Musoma,
12 Aprili 1991

Shoga yangu Dorotea,

Mungu si Athumani! Nimekuwekea ndani barua ya Mwanaupe uisome mwenyewe. Ameniita. Yeye mwenyewe, kwa kalamu yake.

Sikiliza basi. Nitakuja kwako mapema na unga wa mchele, hamira, iliki na nazi. Nitakoroga kwa mkono huuhuu wanaoutaka. Alfajiri mimi nitatangulia Butiama kuungana na wanawake, wewe utabaki uvichome kwa gesi ya samadi ya huo mtambo wako, na shemeji yako avilete kwa pikapu. Wakishakula, wakishasifu, wakishaomba vingine, nitasimama nimwulize wifi swali moja tu: chakula cha gesi ya samadi ni halali au ni najisi? Akisema najisi, basi amewalisha wakwe najisi katika kombe alilolisimamia mwenyewe. Akisema halali, basi alinizulia, na mji wote utajua hoteli yangu iliporwa kwa uongo. Kote kunawaka. Achague pa kuungulia.

Najua utauliza kuhusu Shida. Nikah itakuwa imekwisha kufungwa, hatadhurika. Dawa ya moto ni moto, Dorotea. Nimelala na njaa ya siku hiyo muda mrefu mno.

Mwamvita


Nyamuswa,
22 Aprili 1991

Dada Mwamvita,

Barua yako nimelala nayo chini ya mto na usingizi sikupata.

Hiyo gesi mimi naipenda labda kuliko wewe. Kabla hujanionyesha nilikuwa napandaga kilimani kutafuta kuni mpaka kilima kikawa na upara. Halafu yule bwana wa mradi akaja kutupa semina pale ofisi ya kata. Akasema samadi ikiachwa ioze tu inatoa gesi hiyohiyo, inapanda inalifunika anga kama blanketi, dunia inapata homa, mvua zinakosa adabu. Ukiichoma jikoni ukali wake unapungua. Jirani yangu Wegesa akanyoosha mkono: "Kwa hiyo mtaalamu, ng'ombe akijamba mvua inakimbia?" Tulicheka mpaka bwana wa watu akakunja karatasi zake. Lakini mimi nililishika lile neno. Kila nikiwasha najiambia, leo nimeipunguzia dunia homa kidogo na watoto wamekula.

Sasa wewe unataka tuifanye sumu. Kumlisha mtu kitu anachokiogopa bila kumwambia, hata kama hakina neno, kwetu siyo vizuri. Na hao wakwe, nikah ikishafungwa watakuwa hawana midomo? Shida nilimnyonyesha pamoja na Getruda wangu ule mwaka wa njaa ulipoumwa maziwa yakakauka. Usinifanye nimsahau.

Haya. Njoo na unga wako. Vitumbua vitafika Butiama.

Dorotea


Bunda,
14 Mei 1991

Mwamvita,

Sina salamu. Umenisimamisha mbele ya wanawake wote wa Butiama, mikono yao bado ina mafuta ya vitumbua, ukatangaza vimechomwa kwa gesi ya samadi, ukaniuliza swali lako huku unatabasamu. Ulidhani nitameza ulimi. Nilikujibu najisi, na nitakujibu hivyo mpaka nifukiwe.

Si nilikuomba upike kwa kuni? Barua yangu unayo. Na wao nimewaambia: nilimkataza, ni yeye aliyekusudia. Bi. Mwanaamina alikwenda nyuma ya nyumba akajitapisha kwa kidole, mwanamke mzima wa umri ule, wajukuu wamemshika mabega. Hilo ndilo ulilopika.

Shida wamemrudisha. Talaka hawajampa, wamesema akae kwanza kwa baba yake mpaka wajue wameoa katika ukoo wa namna gani. Hajafungua hata sanduku lake la nguo. Sasa niambie, katika vita yako na mimi, umempata nani? Mimi nipo hotelini kwangu na wateja wanaingia. Aliyelala chini analia ni mwanao.

Kaka yangu Hasani anasema usikanyage hapa.

Mwanaupe


Nyamuswa,
19 Mei 1991

Dada Mwamvita,

Nimesikia yote kwa shemeji wa pikapu. Lazima niseme sasa.

Vile vitumbua havikugusa gesi. Ulipopanda basi alfajiri ile nilifunga koki, nikawasha kuni pale nje chini ya bati, na mvua inanyesha. Kuni zilikuwa mbichi zinatoa povu tu. Nikachukua fito ambazo Magesa aliziweka kwa ajili ya paa la jiko, nikazipasua, nikavichoma vyote kwa hizo. Mikono imeniungua. Machozi yalinitoka, na siyo yote ya moshi. Na gesi nayo ikajaa mpaka ikafurika, ikawa inatoka kwenye tundu la samadi inapiga mapovu, kutwa nzima inapotea hewani bila kupika hata chai. Nilijiona mkosaji mbele ya huyo bwana wa semina na mbele ya Mungu.

Nilifikiri hivi: useme maneno yako, ulipize, Mwanaupe abanwe akubali kuwa alidanganya, na wale wazee tumboni mwao kusiwe na kitu wanachokiogopa. Nilidhani mtu akibanwa anasema kweli. Kumbe wifi yako sikumjua.

Nenda Butiama uwaambie. Mimi peke yangu hawatanisadiki, watasema umenituma. Sema wewe, mimi nitakuwa shahidi, na Magesa atakuja kulalamikia fito zake.

Nisamehe.
Dorotea


Musoma,
24 Mei 1991

Dorotea,

Kumbe nilisimama mbele ya watu na bunduki isiyo na risasi, na aliyezitoa ni wewe niliyekula naye sahani moja.

Siendi Butiama. Wataniuliza kama nilijua. Nikisema sikujua, basi nilikusudia kuwalisha, na mwanamke aliyekusudia hivyo hawatamtaka mtoto wake hata bure. Nikisema nilijua, basi mimi ndiye mwongo, gesi ni najisi kweli ndiyo maana niliikwepa, na Mwanaupe ndiye msema kweli. Mwanaupe! Heri niumeze ulimi wangu.

Watu wa Butiama watachoka na kiburi chao watamchukua mke wao. Mimi nangoja. Usiniandikie tena.

Mwamvita


Bunda,
9 Juni 1991

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika juu ya gunia la unga. Mama Dorotea huwa anakuja dirishani na furu wake, yeye ndiye atakayekuletea barua hii. Usimkasirikie, kila akija analia.

Shangazi ameniweka jikoni. Yule msichana amemwondoa, amesema mimi nimekwisha kuchafuka kwa hiyo hakuna kitakachonizidi. Nakoroga samadi asubuhi, napika mpaka jioni, mlango wa kwenda mbele unafungwa kwa komeo upande wao. Baba anajua. Anakula.

Twalib alikuja juzi kwa siri, akasimama dirishani. Alisema hawezi kumpita bibi yake. Alisema, "Kama mama yako angekuja kusema yale maneno yalikuwa uongo, hata leo ningekuchukua." Nyuma yangu ule moto ulikuwa unawaka na yeye hakuelewa ni moto gani.

Sasa mama, siku ya mnada hoteli inajaa pomoni. Misumari ya komeo nimeilegeza kwa kisu. Nikiusukuma mlango wakiwa mezani watauona moto wote, masheikh, wafanyabiashara, wote. Shangazi atakwisha siku hiyohiyo. Najua nami watanikuta na mwiko mkononi, na Butiama nitakuwa nimeiaga. Lakini ukisema nifungue nitafungua. Hasira yako ninayo, mama. Hiyo hawakuweza kukunyang'anya, uliniachia mimi.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Shida


Musoma,
15 Juni 1991

Mwanangu Shida,

Marahaba. Barua yako nilipoisoma kwanza nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimwona Mwanaupe katikati ya hoteli yangu, watu wamemgeukia na matonge midomoni, na mlango umekaa wazi. Jambo hilo nimelitaka kuliko nilivyotaka kurudishiwa mali yangu. Nililitafuna kutwa. Ni tamu, sikudanganyi.

Halafu nikasoma tena pale pa mwiko mkononi.

Jana nilikuwa Butiama. Nilikaa chini sakafuni mbele ya Bi. Mwanaamina na wanawake walewale, nikawaambia vitumbua vilichomwa kwa kuni. Dorotea alikuwepo, akawaonyesha mikono ilivyobabuka. Magesa akasimulia paa lake kwa uchungu mpaka wakamwamini. Bi. Mwanaamina akaniuliza, "Wewe ulijua ni kuni?" Nikasema nilijua. "Basi mbona ulisema gesi?" Nikasema ni uongo wa mtalaka, nilitaka kumwaibisha wifi yangu, sikujali nani anaungua. Mmoja akatema mate. Mwingine akasema, "Kumbe na yeye anajua ni najisi, angethubutuje kutulisha." Wote wakaningojea nijibu. Nikasema ndiyo, ni najisi.

Hapo ndipo paliponiua, mwanangu. Ule moto niliuwasha mimi wa kwanza katika mji ule. Ulipika uji wako wa shule, haukukata mti hata mmoja, na mtaalamu alituambia unaipunguzia dunia homa. Nimeukana kwa mdomo wangu mbele ya watu, na wasichana wa pale waliokuwa wananisikiliza sidhani kama kuna atakayeujaribu. Mmoja aliniuliza mlangoni kama mkaa ndiyo salama. Nikamwambia ndiyo.

Shangazi yako ameshinda. Ataendelea kupika kwa gesi yangu nyuma ya komeo na kuwaambia watu mchafu ni mimi. Sijamsamehe. Sitamsamehe, wala usije siku moja ukaniombea hilo. Nikimwota namwota anaungua. Lakini sitakuchukua wewe nikufanye kuni.

Twalib atakuja kukuchukua kabla ya siku ya mnada, na bibi yake ameridhia. Misumari ya komeo ikaze tena. Uoge, uvae, utoke kwa mlango wa mbele na sanduku lako, usiage mtu yeyote. Huko kwako pika kwa kuni, kwa mkaa, kwa chochote watakachokupa. Najua wataniongelea mezani, watu hulifurahia jambo kama hili kwa muda mrefu. Usinitetee. Wakikuuliza, sema mama yako ni mwongo, kisha wapakulie.

Mama yako,
Mwamvita binti Pazi